Hela ya 1916 na jenerali anayeitwa "asiyeshindwa"

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mjane, nakaa Langoni, Lamu. Mwezi uliopita tulifungua kasha la marehemu baba mkwe wangu, ambalo halikuguswa tangu siku ya maziko yake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kikoi kilichofungwa fundo, tulikuta sarafu moja ya manjano kama kitasa cha mlango. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili imeandikwa 20 na neno HELLER. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu akatafuta kwenye simu, akasema ni pesa ya Wajerumani wa Tanganyika, ya wakati wa jenerali mmoja, Paul von Lettow-Vorbeck, shujaa ambaye hakushindwa. Mkwe wangu, anayesomesha Malindi, akamkatiza: mtu huyo mikono yake ina damu, na Wajerumani wenyewe wameanza kulifuta jina lake barabarani. Wali ukapoa wakibishana. Kijana ananiuliza mimi bibi yake aamini lipi. Nimwambieje? Na hii sarafu niifanyeje? Mtu wa vitu vya kale ameshakuja mara mbili kuiulizia. — Bi. M., Langoni.

JIBU: Waaleikum salaam, Bi. M., dada yangu. Niwie radhi nianze na sarafu yenyewe, kwa kuwa iko mkononi na haina ubishi. Itazame tena penye mwanga. Karibu na zile herufi D.O.A., ambazo ni kifupi cha jina la koloni lao kwa Kijerumani, utaona herufi moja ndogo, T. Hiyo ni Tabora. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani yote ya Tanganyika, pesa kutoka Ujerumani haziingii, na askari wanataka mishahara. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, wakajipigia pesa wenyewe: dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na hela kama hiyo yako, za shaba iliyookotwa huku na huku, maganda ya risasi yakiwemo. Zilipigwa kwa haraka, ndiyo maana nyingi chapa yake haikukolea. Na neno lenyewe tunalo mpaka leo. Mtu anaposema hana hela, anataja sarafu ya Mjerumani.

Sasa mwenyewe. Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis mwaka 1870. Alipotua Dar es Salaam Januari 1914 hakuwa jenerali, alikuwa luteni kanali mwenye jicho moja lililojeruhiwa katika vita vya Namibia, na habari ya Namibia nitaifikia. Ujenerali aliupata vita vikielekea mwisho. Gavana wa koloni, Heinrich Schnee, alitaka Tanganyika ikae kando na vita vya Wazungu. Lettow-Vorbeck hakukubali. Hesabu yake ilikuwa kwamba vita vitaamuliwa Ulaya, na kila askari wa Mwingereza atakayeshughulishwa huku ni askari asiyekwenda Ufaransa. Hilo naomba mjukuu wako alishike vizuri kabla ya habari ya ushindi. Bwana huyu hakupigana ili watu wa Tanga au Lindi wapate salama. Nchi nzima aliifanya chambo, ili samaki mkubwa asiende kwingine.

Na kwa kazi hiyo alikuwa hodari, sitamnyima. Walipokuwa wengi kabisa, jeshi lake lilikuwa na Wajerumani kama 3,000 na askari Waafrika kama 11,000. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Waliowangoja walikuwa kama 1,000. Katika siku chache Waingereza walikuwa wamerudi melini, watu zaidi ya 800 wameuawa, wamejeruhiwa au wamepotea, na risasi 600,000 wameziacha ufukweni kwa adui. Nyuki waliochokozwa na milio ya bunduki waliwauma wote bila kuuliza bendera, na Waingereza mpaka leo huyaita mapigano yale vita vya nyuki. Januari 1915 akashinda tena Jasini, mwendo mfupi tu kutoka Vanga yetu ya Kenya. Lakini Jasini ilimla maofisa wake na risasi 200,000 kwa siku mbili, na hapo akaona kwamba ushindi wa namna ile hataumudu. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kupiga na kuondoka.

Mwaka 1916 Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuja na jeshi kubwa, akamsukuma toka Kilimanjaro mpaka Rufiji. Manowari yao Königsberg ilikuwa imeshazama katika delta ya Rufiji mwaka uliotangulia, wakaing'oa mizinga yake kumi, wakaikokota nchi kavu. Dawa ya malaria ilipokwisha walichemsha maganda ya mkwinini kutoka Amani, Usambara, wakanywa hivyo hivyo na uchungu wake. Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, karibu na Lindi, Waingereza wakapoteza watu zaidi ya 2,000 na yeye mamia kadhaa. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akazunguka huko karibu mwaka mzima, akarudi Tanganyika, akaingia Zambia ya leo. Alikuwa Kasama tarehe 13 Novemba 1918, vita vya Ulaya vimekwisha siku mbili nyuma na yeye hana habari. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100.

Kwa hiyo kijana hakukuambia uongo. Hakukamatwa, na alisalimu amri kwa kuwa nchi yake ilikwisha kusalimu. Lakini koloni alilopewa kulilinda lilikuwa mikononi mwa adui mwaka mzima na zaidi. Nahodha aliyepoteza jahazi na shehena, akaogelea mpaka nchi kavu, hapa Lamu tungemsifu kwa kuogelea. Jahazi bado tungemdai.

Na nani alikuwa akiibeba mizinga ile, unga ule, masanduku yale ya risasi? Hapa, Bi. M., siwezi kuandika kama mwalimu peke yake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mambrui. Alichukuliwa mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wakikusanya wanaume koloni zima, akapelekwa Kilwa kwa meli. Alikuwa mpagazi wa upande wa Mwingereza, akimfukuza Lettow-Vorbeck bila kumjua wala kumwona. Kikosi chao kilikuwa na jina la Kiingereza, Carrier Corps, ambalo watu walilitamka Kariakoo. Mtaa wa Dar es Salaam unaoitwa hivyo na ule wa Nairobi unaoitwa Kariokor ndiko wapagazi walikokuwa na kambi. Babu hakusema alikwenda vitani. Alisema, "Nilikwenda Kariakoo." Utosini alikuwa na kipara cha mviringo, laini, kama kisosi cha chai, mahali ilipokaa kata ya matambara chini ya mzigo. Wajukuu tulikipapasa akituacha. Na kitu kingine: kila siku ya Mungu, kabla ya tonge la kwanza, aliivunja sima kwa vidole, akainusa, akamwuliza nyanya, "Imeiva?" Nyanya alijibu imeiva. Ndipo akala. Sikumbuki siku aliyoacha kuuliza, mpaka alipokufa mwaka 1969.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa historia, nilipoelewa. Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Walipewa unga wa mahindi, mara nyingi mbaya, na watu waliozoea ndizi au mtama, hawana sufuria za kutosha, hawana kuni kavu wala saa ya kupika, waliukoroga na kuula ukiwa nusu mbichi. Ukakwangua matumbo. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kuwa kama 95,000. Zidisha uwanja wa Mkunguni siku ya Maulidi uone utaujaza mara ngapi. Upande wa Lettow-Vorbeck hata hesabu haikutunzwa. Wapagazi walipochoka walichukuliwa wengine kijiji cha mbele, wakati mwingine wamefungwa kamba, na aliyeanguka aliachwa.

Kuna hesabu ndogo ambayo nilikuwa nikiwapa wanafunzi ubaoni. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, askari aliye mbele anapata nini? Wanafunzi wakikokotoa walinyamaza. Kinachobaki ni kilo moja. Ndiyo maana jeshi moja dogo lilihitaji maelfu ya vichwa vya watu, na ndiyo maana wakati wote chakula kilichokosekana kilitolewa ghalani kwa wakulima. Daktari wa jeshi lake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Wagogo wa Dodoma njaa ile wana jina lake, Mtunya. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima, kisha mvua ikakosekana, na watu wanaokadiriwa kufika 30,000 wakafa. Ukijumlisha Tanganyika nzima, wapo wanahistoria wanaokadiria laki tatu. Mwingereza naye hana pa kujificha katika jambo hili, babu yangu ni shahidi. Lakini aliyeamua vita viendelee miaka minne na mkulima ndiye atakayevilisha alikuwa Lettow-Vorbeck.

Mkwe wako naye amesema kweli. Mtu huyu aliporudi Berlin, Machi 1919, alipita langoni Brandenburg juu ya farasi, watu wanashangilia, kwa kuwa nchi iliyoshindwa ilikuwa na njaa ya mtu mmoja asiyeshindwa. Mwaka huo huo aliongoza wanajeshi kuingia Hamburg kuzima ghasia. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri, lile la Kapp, akaondolewa jeshini. Toka 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Husimuliwa sana kwamba Hitler alimpa ubalozi wa London akaukataa, na wanaomtetea huishia hapo. Wasichosema ni kwamba mwaka 1939 serikali ile ile ilimpandisha cheo cha heshima. Alikufa Machi 1964, miaka 93, na waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, akamwambia buriani kwa maneno yale yale, kwamba hakushindwa vitani. Kambi za jeshi ziliitwa kwa jina lake. Hata dinosaria mmoja aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi, alipewa jina la kisayansi lenye Lettow-Vorbeck ndani yake, na bado analo.

Kisha vizazi vikabadilika, watu wakauliza. Mji wake wa kuzaliwa, Saarlouis, uliiondolea barabara jina lake mwaka 2010. Hannover nao waliliondoa, na barabara hiyo sasa inaitwa kwa jina la Namibia. Kambi ya Leer ikabadilishwa jina. Hamburg zipo sanamu za ukutani za askari na wapagazi, zilizotengenezwa zama za Hitler, na ubishi wa kuziweka wazi au kuzifungia haujesha.

Basi mjukuu akikuuliza tena, usimchagulie kati ya shujaa na muuaji. Mwambie alikuwa fundi wa vita, na ufundi wake uliendeshwa kwa chakula cha watu ambao hawakuulizwa. Kisha mpe afanye ile hesabu ya kilo 25.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtembeza wageni. Mzee mmoja wa Kijerumani tuliyekwenda naye Shela kwa miguu aliniambia kwamba huyu Lettow-Vorbeck alikuwa muungwana wa vita, akawaheshimu maadui, na askari wake Waafrika walimpenda mpaka uzeeni. Aliporudi Dar es Salaam mwaka 1953 walimlaki wakimwimbia. Sikuwa na la kujibu. Ni kweli? — Kijana wa Lamu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako hakukudanganya juu ya 1953. Wazee wale walikwenda, na waliimba. Na ya kuheshimu maadui pia ipo: Jasini, maofisa wa Kiingereza waliosalimu amri aliwasifu kwa ushujaa wao, akawarudishia panga zao, akawaacha waende kwa ahadi ya kutopigana tena. Smuts, aliyemfukuza nchi nzima, baadaye walikula meza moja London, na baada ya vita vikuu vya pili Smuts alimpelekea vifurushi vya chakula.

Lakini wewe ni mtoto wa Amu, na neno uungwana umelikuta nyumbani kabla ya kulikuta kwa wageni. Kwetu muungwana hapimwi kwa anavyomwamkia mwenzake wa daraja lake. Anapimwa mlangoni, kwa hamali aliyemletea gunia: amemkaribisha maji, amemlipa kabla jasho halijakauka, au amemfukuza? Kwa kipimo hicho, panga la Jasini halitoshi.

Na kabla ya Tanganyika kuna Namibia. Mwaka 1904 alikuwa msaidizi katika ofisi ya kamanda Lothar von Trotha, yule aliyewasukuma Waherero jangwani Omaheke baada ya mapigano ya Waterberg, kisha tarehe 2 Oktoba akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi. Waherero na Wanama walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kiu na katika kambi. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck hakuiandika amri ile. Ila alipokuwa mzee wa miaka themanini na kitu, akiandika maisha yake mwaka 1957, bado aliutetea ukali wa Trotha. Miaka zaidi ya hamsini ya kufikiri, na hakujuta. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko lolote aliloambiwa kaburini.

Sasa mapenzi ya askari. Nisingependa umjibu mgeni kana kwamba wale wazee walikuwa wapumbavu. Askari wa Mjerumani alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa na mshahara mzuri, alikuwa na kijana wa kumbebea vitu vyake, na mkewe na watoto walimfuata nyuma ya safu. Watoto walizaliwa njiani, mama akapumzika kidogo akafuata. Wengi walitoka Unyamwezi, Usukuma, Manyema, Sudan; jeshi ndilo lililokuwa kabila lao, na Kiswahili ndiyo lugha yao. Mzee anapokumbuka ujana wake, heshima yake na rafiki zake waliozikwa Mahiwa, ataimba. Pamoja na hayo, wengi walitoroka, hasa 1917 walipoambiwa wavuke Ruvuma waache nchi yao, na hao hawakuja bandarini mwaka 1953. Ujerumani baada ya vita ilihitaji hadithi ya askari mwaminifu ili idai makoloni yake, kwamba tazameni, Waafrika walitupenda. Aliyekuwa akiisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Lettow-Vorbeck mwenyewe.

Mwaka aliokufa, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wazee waliobaki mishahara waliyokuwa wakidai. Husimuliwa kwamba Mwanza walitokea mamia, wachache tu wakiwa na cheti. Basi mlipaji akachukua ufagio, akampa kila mmoja, akaamrisha kwa Kijerumani: bega silaha, tua silaha. Hakukosea hata mmoja. Kisa hiki watu hukisimulia wakicheka. Mimi nikikisikia namwona mzee wa miaka sabini na kitu ameshika ufagio juani, miaka 46 baada ya mshahara wake. Na fedha zile zilikuwa za askari. Kwa mpagazi hapakuwa na cheti, na hapakuwa na amri ya Kijerumani aliyofundishwa ambayo angeweza kuitii kwa ufagio.

SWALI: Nyumba ya posta ya Wajerumani hapa mjini Lamu, je, ilikuwa ya jeshi la huyu jenerali? Watoto wa shule wamebishana. — Msomaji, Mkomani.

JIBU: La, hazikutani. Posta ile ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, kwa ajili ya Witu, usultani mdogo wa bara karibu na Lamu, ambako ndugu wawili Denhardt walipatana na Sultani Ahmed, anayeitwa Simba, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu mwaka 1885. Kwa mkataba wa Julai 1890 Witu akakabidhiwa Mwingereza, na Oktoba ya mwaka huo huo Waingereza wakauchoma mji. Lettow-Vorbeck wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini, hajakanyaga Afrika.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mgiriama wa Malindi. Kila mwaka husikia habari za vita vile vikuu na majina ya majenerali wa Kijerumani na Kiingereza. Wazee wetu walikataa kubeba mizigo yao. Mbona hawatajwi? — Mwana wa Kaya.

JIBU: Umeuliza lililokuwa likinikera, ndugu yangu. Mwaka 1913, kabla vita havijafika, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadori Kola waliwakusanya watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, wakala kiapo wasitoe vijana wao kwenda kuwafanyia kazi Wazungu wala kulipa kodi. Walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mekatilili, mwanamke aliyekwisha kuzeeka, alitoroka huko akarudi kwa miguu. Agosti 1914, vita vilipokuwa vikitangazwa Ulaya, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuchoma nyumba, na Wagiriama wakainuka. Walipigwa na askari wa bunduki, wakatozwa faini, na juu ya faini wakatakiwa watoe wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Tanga ilikuwa Novemba, miezi mitatu baadaye. Ukiziweka tarehe hizi kando kwa kando utaona kwamba vita vikuu katika pwani yetu ya Kenya vilianza na mkono wa Mwingereza juu ya kijana wa Kigiriama.

Kwa hiyo usikubali wakuambie kwamba wapagazi walikwenda kwa sababu hawakujua kukataa. Palikuwa na watu waliokataa wazi, wakaumizwa. Sanamu ya Mekatilili mwenyewe Malindi mnayo, na mwenye kupita pale amwonyeshe mtoto wake. Mnara wa askari ulioko Mombasa unawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Nimeuzunguka nikitafuta jina la mtu mmoja aliyekuwa mguu au mkono, hakuna. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, na huenda kufikia 350,000, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kama kwenu Malindi, Ganze, Marafa au Mambrui bado yupo mzee anayekumbuka jina la aliyekwenda Kariakoo, na kijiji chake, na kama alirudi, andika kwa kalamu, mpe mtoto nakala, na mimi niletee nakala. Nimeanza daftari. Lina majina 41, na la kwanza ni la babu yangu.

Bi. M., sikukusahau. Hela yako usimpe mtu wa vitu vya kale. Usiisugue kwa ndimu wala majivu, wala usiitie mafuta ya nazi, maana uking'arisha unakwangua chapa, na ile T ndogo ndiyo itakayotangulia kupotea. Ifunge katika karatasi nyeupe kavu, uiweke mbali na hewa ya chumvi. Kile kipande cha kikoi nacho usikitupe. Kama kuna mtu wa nyumba yenu anayejua marehemu baba mkwe aliipata kwa nani, mwulize wiki hii, angali na kumbukumbu.